Foleni ya Chiriku

Ofisini, ghorofa ya pili
12 Machi

Kwa Mzee Kijani,

Shikamoo Mzee wangu. Hunijui, ila mimi kiti chako nakijua kuliko ninavyowajua watu wa ofisi hii. Ndimi niliyewekwa mahali pako ulipostaafu. Kiti bado kinalia ukiegemea upande wa kushoto, na kwenye droo ya chini nimekuta miwani yako ya zamani pamoja na peremende zilizogandana. Peremende nimekula mbili, unisamehe.

Anwani yako nimepewa na mlinzi wa mlangoni, kwa sababu Meneja alisema nisikusumbue. Mlinzi ndiye aliyenieleza kuwa daktari wa macho amekukataza simu na kompyuta, lakini barua ya kalamu nene unaisoma. Basi nimenunua kalamu nene. Kuuliza si ujinga, na mimi nimekwama.

Jambo lenyewe ni hili. Ule mfumo wako wa miadi ya hospitali una majaribio mia mbili kumi na mawili. Unayajua: yanamchukua mgonjwa wa bandia, yanamsajili mapokezi, yanampa namba, yanamweka kwenye foleni, mpaka jina lake litokee kwenye skrini ya daktari, kama ambavyo mgonjwa wa kweli angepita. Kila siku saa tatu asubuhi yanajiendesha yenyewe. Mpaka tarehe 8 yote yalikuwa kijani, yaani yamefaulu. Tarehe 9 kumi na manne yakawa mekundu, na mekundu ndivyo yalivyo mpaka leo. Yote yanalalamika kitu kimoja. Mgonjwa kasajiliwa, namba kapewa, lakini kwenye skrini ya daktari wa watoto haonekani. Hakuna kosa lililoandikwa popote, hakuna mlio, kapotea tu njiani.

Sasa ubaya uko hapa. Tarehe 9 hiyohiyo ndipo nilipoingiza kazi yangu ya kwanza, nafasi ya kuandika simu ya mlezi kwenye fomu ya usajili. Kila mtu ameshahesabu moja na moja akapata mbili. Nimeiondoa kazi yangu yote nikairudisha programu ilivyokuwa tarehe 8, na bado mekundu. Kipindi changu cha matazamio kinaisha tarehe 30, na tarehe 1 hospitali inafungua jengo la pili. Meneja amesema kwa upole, ule upole unaotisha, kwamba yasipokuwa kijani siku hiyo kazi itapewa kampuni ya nje na mimi nitarudisha kitambulisho.

Humu ndani tuna meza tisa, lakini wenzangu wote wanafanyia kazi majumbani kwao. Niko peke yangu tangu asubuhi mpaka jioni. Jana nimepiga chafya, nikajiambia afya mwenyewe. Nisaidie, Mzee.

Mrithi wa kiti chako

*

Nyumbani
15 Machi

Mwanangu Mrithi,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa gari la vifurushi, amenikabidhi mkononi akaniuliza kama ni ya serikali, maana hapa barua haijafika tangu nihamie. Nimemwambia ni ya serikali, na sasa ananisalimia kwa heshima. Peremende zilizobaki usile, zina miaka minne.

Macho yanaendelea. Asubuhi naona vizuri, mchana naona vivuli, jioni natega masikio. Nyumba ina vyumba vitatu na mimi natumia kimoja na nusu.

Tuje kwenye kazi. Tulia. Majaribio ya namna hii yana tabia ya kuchafuliana. Moja likimaliza bila kusafisha alichoacha mgonjwa wake, linalofuata linajikwaa hapo. Kwa hiyo yaendeshe moja moja, kila moja peke yake, halafu yageuze mpangilio, la mwisho liwe la kwanza. Ukimaliza hilo, kagua seva inayoyaendesha, pengine kumbukumbu yake imejaa na foleni inachelewa. Halafu angalia muda wa kusubiri niliouweka pale, labda ni mfupi kwa mitambo mnayotumia siku hizi. Fanya taratibu, usirukie rukie.

Wagonjwa wangu wa bandia usihangaike nao. Faili lao halijaguswa kwa miaka kumi na miwili, na kitu kisichoguswa hakiwezi kuharibika chenyewe.

Niambie, bado yanaanza saa tatu kamili? Nilikuwa nakaa na kikombe changu cha chai nikiyatazama yakipita moja moja mpaka la mwisho, hata kama kuna kikao. Ndiyo maana huko ofisini wakaniita Mzee Kijani. Walidhani sijui wananicheka. Siku hizi saa tatu ikifika kikombe ninacho, ninachotazama ni ukuta.

Mzee Kijani

*

Ofisini
19 Machi

Shikamoo Mzee,

Nimefanya yote uliyoniagiza, na siku mbili nzima zimeishia humo. Nimeyaendesha moja moja, yale kumi na manne ni mekundu hata yakiwa peke yake. Nimegeuza mpangilio, ni yaleyale. Seva ina nafasi tele. Muda wa kusubiri nimeuongeza kutoka sekunde kumi mpaka dakika tano nzima. Nikakaa kuitazama skrini dakika tano, Mzee, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyesema yuko njiani. Hakuja.

Lakini nimegundua kitu. Yote kumi na manne yanamtumia mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengine uliwaita Mtoto wa Kwanza, Mtoto wa Pili, Mtu Mzima wa Tatu, na kila mmoja ana mistari miwili tu. Huyu mmoja umemwita Chiriku na umemjazia ukurasa. Umeandika kwamba ana kilo kumi na nane, achomwe sindano mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ndio anaochorea, mizani anaiogopa kwa hiyo apimwe akiwa amebebwa, kisha uzito wa aliyembeba utolewe. Mwishoni umeandika, anaongea sana, daktari amwache amalize. Nilicheka peke yangu humu ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kwa nini yeye tu? Na kwa nini majaribio yake ndiyo yanayopotea, wakati Mtoto wa Kwanza anapita salama? Nimekumbuka ulivyosema kwamba faili halijaguswa, nami nimehakikisha, kweli halijaguswa. Kwa hiyo nimeliacha, nimerudi kuchimba kwenye programu. Ila Meneja amesikia kwamba ni mgonjwa mmoja tu, akasema basi tumfute, tuandike mwingine, kwani ana nini huyo. Nimemwambia nikuulize kwanza.

Siku zimebaki kumi na moja. Chumbani kwangu nikirudi naendelea kuwaza foleni. Mama akipiga simu namwambia kazi inakwenda vizuri, naye anafurahi. Sina mwingine wa kumweleza haya, ndiyo maana barua yangu imekuwa ndefu.

Mrithi

*

Nyumbani
22 Machi

Mrithi,

Usimguse huyo mgonjwa. Usimfute, usimbadilishe hata herufi. Mwambie Meneja nimesema mimi.

Jina ni jina tu. Siku ile nilikuwa na nafasi, nikapamba. Usianze kutafuta maana kwenye mapambo ya mzee huku nyumba inaungua.

Nitakuambia wazi kwa kuwa mimi ndiye fundi niliyeujenga mfumo huo. Kosa ni lako. Ulipoongeza simu ya mlezi ulibadilisha jedwali la wagonjwa, pale taarifa zao zinapohifadhiwa, na ukiirudisha programu nyuma jedwali halirudi pamoja nayo. Programu ni ya tarehe 8, jedwali ni la tarehe 9, na Chiriku ndiye mgonjwa wa zamani kuliko wote, basi ndiye anayeumia. Kikulacho ki nguoni mwako. Lijenge jedwali upya tangu mwanzo. Na kosa kalikubali mapema mbele ya Meneja, usingoje akubane. Anayekiri hafukuzwi.

Macho yananiuma, siwezi kuandika zaidi.

Mzee Kijani

*

Ofisini
25 Machi

Mzee,

Nilikuamini. Nilikwenda kwa Meneja jana asubuhi nikasema kosa ni langu, nikaeleza habari ya jedwali kama ulivyoniandikia, neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba niandike na kutia sahihi, nikaandika nikatia sahihi.

Halafu nikarudi mezani nikalijenga jedwali upya tangu mwanzo. Yamebaki mekundu kumi na manne. Sasa nimekiri kosa ambalo silijui ni lipi, na siwezi kulirekebisha.

Meneja amenipa nafasi moja. Nimfute Chiriku na majaribio yake, yabaki mia moja tisini na manane ya kijani, jengo lifunguliwe na mimi nibaki. Ni kazi ya dakika mbili, Mzee. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Nikasema hapana, mgonjwa akipotea kwenye foleni dawa yake si kumfuta mgonjwa. Lakini nikisema kweli, si hilo lililonizuia. Uliandika usimguse, na mwandiko wako pale ulitetemeka, nami nikaona aibu kukuvunjia neno wakati hata sijui neno lenyewe ni la nini. Meneja amesema vizuri, basi tarehe 30 ndiyo siku yangu ya mwisho.

Huna haja ya kujibu kama macho yanauma.

Mrithi

*

Nyumbani
27 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama mlangoni kwenye mwanga ili nisijidanganye kwamba nimeona vibaya. Njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia kwako. Kaa chini usome hii.

Kosa si lako. Halikuwa lako hata siku moja, na mimi nililijua tangu barua yako ya kwanza, tangu mstari ule uliposema tarehe 9. Fungua faili la wagonjwa, angalia siku aliyozaliwa Chiriku. Tarehe 9 Machi mwaka huu ametimiza miaka kumi na minane. Mfumo una kanuni kwamba aliyetimiza miaka kumi na minane haendi tena kwa daktari wa watoto, anapelekwa upande wa watu wazima, kimyakimya, bila kuandika kosa, kwa sababu si kosa. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Wewe unamsubiri kwenye skrini ya watoto, mwenzio ameshavuka korido. Faili halikuguswa, hilo ni kweli, ila siku ziliendelea kwenda.

Chiriku ni mwanangu. Alikuwa na miaka sita. Tulifika hospitali ileile saa tatu asubuhi, homa ikiwa juu, tukaambiwa faili lake halionekani, tukae tungoje. Tulikaa kwenye benchi la korido. Aliongea na kila aliyepita, akawauliza mnaumwa nini, watu wakacheka. Saa sita akanyamaza, nikadhani amelala. Jina lake liliitwa saa nane. Sikuinuka naye, mwanangu. Muuguzi alikuja akamchukua mikononi mwangu.

Mwaka huohuo nikaenda kuwaomba wanipe kazi ya kuwatengenezea mfumo wa foleni. Walidhani nina moyo wa huduma. Mama yake alihama mji, hatuandikiani. Nilipofika kwenye majaribio nikahitaji mgonjwa wa bandia, mkono wangu ukamwandika yeye. Na kila siku saa tatu, miaka kumi na miwili, alikuwa anafika, anapewa namba, anaitwa ndani ya sekunde kumi. Nilikuwa natazama. Watu wakasema mzee huyu anapenda kazi yake.

Nilijua siku hiyo inakuja. Ndiyo maana nilistaafu Januari, nisiwepo. Ulipoandika, nikaona nikikuambia ukweli utabadilisha tarehe, maana ndivyo fundi yeyote angefanya, na ni sawa. Sikuweza. Nikakutuma kwa seva, nikakutuma kwa jedwali, nikakutuma hata kwa Meneja ukajifunge mwenyewe kwa sahihi yako. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi sina wa kwangu, nikalila na wewe. Sikuombi unisamehe leo.

Hili la kurekebisha ni mstari mmoja. Usiandike tarehe ya kuzaliwa, andika kwamba umri wake ni miaka sita kuhesabu kutoka leo, siku yoyote itakayokuwa leo. Mpe jina jingine, Mtoto wa Nne, inatosha. Nimemwandikia Meneja pia, barua yake iko ndani ya bahasha hii, mpe mkononi. Nimeeleza kila kitu na kusema ulichokiri nilikutungia mimi.

Nina ombi moja, na kama huwezi usilifanye. Kabla hujabadilisha, liandike jaribio moja jipya. Mpeleke Chiriku upande wa watu wazima, umsubiri kwenye skrini ya kule, mara moja tu. Akiitwa, niandikie saa aliyoitwa. Baada ya hapo mfute, nakuruhusu.

Baba yake

*

Chumbani kwangu
3 Aprili

Shikamoo Mzee,

Gari la vifurushi halikutembea siku mbili. Barua yako ilifika ofisini tarehe 31, mimi nimeshakabidhi kitambulisho na ufunguo jana yake. Mlinzi aliificha ndani ya koti lake akaniletea hapa jioni baada ya zamu yake, kwa miguu. Sikuwa na kiti cha pili cha kumkaribisha, akakaa kitandani, mimi nikaisoma nimesimama. Nilipomaliza akanitafutia maji.

Kesho yake nilimpelekea Meneja yake. Aliisoma mbele yangu, akavua miwani, akasema pole, pole sana. Akasema mkataba na kampuni ya nje umeshatiwa sahihi wa mwaka mzima, hana la kufanya, ila ile karatasi yangu ya kukiri aliichana nikiona.

Nikamwomba dakika tano tu za kukaa kwenye kompyuta, nikamweleza ombi lako. Ndipo akaniambia. Kampuni ile ilianza kazi asubuhi ya tarehe 31, na jambo la kwanza walilofanya ni kumfuta Chiriku pamoja na majaribio yake kumi na manne. Ilipofika adhuhuri kila kitu kilikuwa kijani. Kisha wakahamishia mfumo wote kwenye hifadhi yao mpya bila historia ya zamani, na ile ya zamani ikafungwa. Nilimwambia awapigie. Akapiga, akaweka sauti nje ili nisikie. Kijana wa upande wa pili akauliza ni nani huyo, Meneja akamtajia, akasema haipo data yoyote ya jina hilo. Jengo la pili lilifunguliwa siku hiyohiyo, mfumo unafanya kazi vizuri. Watoto wanaitwa, Mzee. Niliwaona mwenyewe, nilipita pale nikakaa kwenye benchi la korido, nikahesabu. Hakuna aliyezidi dakika kumi na mbili.

Nilikaa na kalamu nene jioni nzima ya leo. Nitakuambia nilichofanya. Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii, ukurasa mzima, inayosema jaribio nililiandika, Chiriku akaenda upande wa watu wazima, akaitwa saa tatu na dakika tisa. Niliandika hata kwamba daktari alimwacha amalize kuongea. Ilikuwa barua nzuri. Huna kompyuta wala macho ya kuhakikisha, ungeiamini, ungelala. Nilikuwa nimeshaandika anwani juu ya bahasha. Nikaichana, kwa sababu wewe uliniandikia barua nzuri pia, tarehe 15 na tarehe 22, na mimi niliziamini.

Hakuitwa. Hakuna aliyemwandikia jaribio hilo, na sasa hakuna atakayeliandika.

Nimekukasirikia, Mzee, sitakuficha. Ungeniambia tarehe 15 ningelifanya siku hiyohiyo, ningemsubiri na wewe, na tarehe isingebadilishwa mpaka useme. Nimelia kwa ajili yake na nimelia kwa ajili yangu, na yote mawili umenisababishia wewe. Mama bado anadhani niko kazini. Kila siku saa mbili navaa, natoka ili akipiga asijue niko chumbani, nazunguka mpaka saa kumi, narudi.

Anwani hii mpya ndiyo ya kuniandikia. Niambie alikuwa anawauliza nini watu pale kwenye benchi, na walimjibu nini. Andika lolote, andika hata kuhusu macho. Ila liwe kweli, maana hasira zangu bado ni za moto, na katika mji huu mzima sina mwingine ninayemwandikia.

Mrithi